Sunset Boulevard: steringi kafa dakika ya kwanza na bado ndo anayekusimulia

Kila mpenda muvi anajua sheria ya kwanza, steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, nyumba itamlipukia, lakini picha ikiisha yupo anafuta damu mdomoni na demu kamshika kiuno. Sasa Sunset Boulevard inaanza alfajiri, ving'ora vinalia, polisi na waandishi wa habari wanakimbilia jumba moja la kifahari Los Angeles, na kwenye bwawa la kuogelea kuna mwanaume anaelea kifudifudi na nguo zake zote, risasi mbili mgongoni moja tumboni, na ile sauti inayokupa stori kwa utani mchungu na dharau flani hivi ni ya huyo huyo marehemu. Huyo ndo steringi wetu. Tunaiona maiti yake kabla hatujamjua jina. Kwa hiyo tusije tukalaumiana mambo ya spoila, humu nitasema kila kitu mpaka sini ya mwisho, kama hujaiona na unataka kuingia bila kujua kitu basi ishia hapa urudi baadae.

Ni muvi ya 1950, ya studio ya Paramount, dairekta Billy Wilder, skripti kaandika yeye na Charles Brackett na D. M. Marshman Jr., dakika 110, na haina rangi. Najua wengi wakisikia haina rangi wanaanza kupiga miayo kabla hata haijaanza. Hii sio ya kupiga miayo. Ina maneno makali, ina vichekesho vya kutisha, ina maziko ya sokwe usiku (ndio, sokwe, tutafika), na ina waigizaji ambao maisha yao ya kweli yamechanganywa na maisha ya kwenye picha mpaka unashindwa kujua wapi wanaigiza na wapi wanajisema.

Stori yenyewe iko hivi. Joe Gillis, kachezwa na William Holden, ni mwandishi wa skripti Hollywood, katokea Ohio kwenye kazi ya gazeti, kaja kutafuta maisha na maisha yamemkataa. Hana kazi, kodi inamdai, na kuna jamaa wawili wanataka kuchukua gari lake la mkopo, anahitaji dola 290 na anazihitaji sasa hivi. Anazunguka kuomba kazi, anaomba mkopo, ajenti wake anamwambia njaa itamfanya aandike vizuri. Akiwa anawakimbia wale jamaa wa gari, tairi linapasuka, anakunja ghafla anaingia kwenye geti moja la jumba kubwa linaloonekana kama limehamwa. Anafikiri limehamwa. Halijahamwa.

Humo ndani anaishi Norma Desmond, aliyekuwa staa mkubwa wa zile muvi za kimya, za kabla ya sauti, na mtumishi wake Max, mwanaume mwenye upara, mgongo umenyooka na glavu nyeupe muda wote. Wanamuona Joe wanadhani ni yule jamaa wa majeneza aliyeitwa kumzika sokwe wa mama, kafa, kalazwa kwenye meza ya masaji kafunikwa shali, anasubiri jeneza. Joe anamtazama yule mama anamkumbuka, anamwambia wewe si ulikuwa kwenye muvi za kimya, ulikuwa staa mkubwa. Na Norma anajibu ule msemo ambao hata watu wasioijua muvi wanaujua, kwamba yeye bado ni mkubwa, picha ndo zimekuwa ndogo.

Basi. Norma ana skripti kaandika mwenyewe kwa mkono, rundo la makaratasi, kisa cha Salome, na anataka kurudi kwenye skrini akiwa ndo huyo Salome, binti mfalme, akiwa na miaka 50. Joe anaisoma anaona ni takataka ya kiwango cha juu, lakini anaona na pesa, anajifanya ataifanyia marekebisho. Kesho yake anaamka anakuta vitu vyake vyote vimeshahamishwa kutoka chumba alichopanga mjini, Max kavileta usiku, na kodi aliyokuwa anadaiwa imeshalipwa. Jamaa kaingia kama mtu aliyekimbilia dukani kujikinga mvua akaja kutoka na deni.

Na hapo ndo napotofautiana na wengi wanaoisimulia hii picha. Kila mtu anakwambia ni stori ya mama mmoja aliyefulia akachanganyikiwa. Macho yale, mikono ile inayokunjika kama anataka kukukwaruza, miwani myeusi ndani ya nyumba, sigara imeshikiliwa na kile kipini cha waya kinachovaliwa kidoleni kama pete. Sawa, Norma ana matatizo, hilo mtoto mdogo anaona. Lakini angalia tena picha yote halafu jiulize swali moja tu, ni nani humu ndani aliyewahi kumwambia huyu mama ukweli? Mtumishi anamdanganya. Mwandishi anamdanganya. Dairekta mkubwa anamdanganya. Wote wana sababu zao, mmoja kwa mapenzi, mmoja kwa mshahara, mmoja kwa huruma, na kila uongo una sura ya wema. Mi kwangu hiyo ndo picha yenyewe. Wazimu wa Norma haukuota peke yake, umemwagiliwa maji kila siku miaka ishirini na watu wenye tabia nzuri.

Tuanze na Joe maana yeye ni rahisi. Joe ni marioo. Hakuna neno lingine, na raha ya skripti ni kwamba anajijua. Hakuingia akitaka kuwa marioo, alitaka wiki kadhaa za malipo basi asepe, lakini Norma hampi pesa mkononi, anampa vitu. Suti, mashati, saa, kasha la sigara la dhahabu, chumba. Kuna sini wako duka la nguo za wanaume, Norma kamchagulia makoti, na muuzaji anamsogelea Joe sikioni anamnong'oneza kwamba kwa kuwa anayelipa ni mama, si bora achukue lile la vicuna, sufu ya bei mbaya. Ile sura ya Holden pale! Hasemi kitu. Anajua muuzaji kamsoma, na muuzaji anajua kwamba anajua. Kwenye maneno kumi hivi unapata aibu yote ya kulelewa na mshangazi, na baadae koti kalivaa. Mwanzoni hii nafasi alipewa Montgomery Clift akajitoa karibu kabisa na kuanza kushuti, na mi nasema ilikuwa heri, Holden ana ule uso wa kijana mzuri anayeanza kuharibika, wa mtu aliyeanza kuzoea kujidharau.

Uongo wa Joe ni wa kukaa kimya. Anakaa anakata kurasa, anapanga, na kila akigusa sini ambayo Norma hayupo anaambiwa irudishe, wanataka kuniona mimi. Anairudisha. Analipwa. Mwisho Norma anaipeleka skripti Paramount kwa Cecil B. DeMille, dairekta mkubwa, na Joe hasemi neno.

Halafu kuna ule usiku wa mwaka mpya. Norma kaandaa pati, bendi nzima imekuja kupiga tango, sakafu imepigwa nta inang'aa, anamwambia Joe zamani hapa ilikuwa mbao lakini Valentino, staa wa muvi za kimya, alisema tango inachezwa kwenye vigae. Wanacheza wawili. Joe anauliza wageni wengine wanafika saa ngapi. Hakuna wageni wengine, pati ni ya watu wawili. Bendi inapiga, wale wazee wa bendi wanaangalia pembeni kama hawaoni, na Max anazunguka na trei ya shampeni kama vile ukumbi umejaa. Joe anachukia, wanagombana, anakimbilia kwa rafiki yake Artie ambako kuna pati ya watu wa kawaida, kelele, watu wamebanana, wanacheka. Anapiga simu Max amfungie vitu vyake, na Max anamwambia hawezi kuongea sasa, mama kajikata mikono kwa wembe wake Joe. Anarudi. Saa sita ya usiku inagonga, anamwambia hepi nyuu iya, Norma anamvuta, na kuanzia hapo unajua hatoki tena mle ndani akiwa hai. Yaani tulishajua, lakini hapo ndo unaelewa.

Sasa Max. Hapa nitakaa kidogo maana huyu mtu ndo ananinyima usingizi.

Mapema kabisa unaona milango ya lile jumba haina vitasa vya kufungia, kote wamevitoa, mama anapatwa na majonzi na ameshajaribu kujiua. Unaona barua za mashabiki zinakuja kila siku, Norma anazisaini picha, anaamini dunia inamsubiri. Baadae unajua barua zote anaandika Max. Baadae zaidi, gereji usiku, Max anamwambia Joe kwamba yeye ndo aliyemuibua Norma akiwa na miaka 16, kwamba siku hizo kulikuwa na madairekta watatu vijana waliotegemewa, D. W. Griffith, DeMille, na yeye, Max von Mayerling. Na kwamba yeye ni mume wake wa kwanza. Aliomba mwenyewe arudi kuwa mtumishi kwa sababu maisha bila yeye hayakuvumilika. Jamaa anasema hayo kwa sauti ile ile ya kukaribisha chai.

Ukiishia hapo tayari ni kali. Ila sasa Max kachezwa na Erich von Stroheim, ambaye kwenye maisha ya kweli alikuwa dairekta mkubwa wa enzi za muvi za kimya, mkorofi, mtumiaji wa pesa za studio kupita kiasi, akaishia kunyimwa kazi ya udairekta. Na Norma kachezwa na Gloria Swanson, staa wa kweli wa Paramount miaka ya 1920. Na hawa wawili waliwahi kufanya kazi pamoja, muvi inaitwa Queen Kelly, Swanson akiwa steringi na mwenye mradi, Stroheim akiwa dairekta, mambo yakaharibika na Stroheim akatimuliwa katikati na muvi haikumalizwa alivyotaka. Sasa kuna sini Norma anamuonyesha Joe muvi yake ya zamani kwenye skrini ya sebuleni, na anayeendesha mashine ya kuonyesha ni Max. Kile kipande wanachokiangalia ni Queen Kelly. Yaani mwanamke anaangalia sura yake halisi ya ujana, kwenye muvi aliyomfukuza yule mwanaume aliyesimama nyuma anazungusha mashine. Sijui Wilder aliwashawishi vipi wakakubali. Mtu mwingine angeona huo ni unyama, na labda ni unyama, lakini Stroheim anasimama pale na shingo yake ngumu na uso hausogei hata kidogo na mimi kila nikifika hapo nasimamisha picha nipumue.

Kwa hiyo Max sio mtumishi mwaminifu wa kwenye hadithi za kugusa moyo. Ni dairekta ambaye hakuacha kazi. Studio ilimnyima seti akajitengenezea seti kwenye jumba, na muigizaji wake mmoja, na watazamaji hewa wanaoandika barua. Mtu anasema ni upendo, sawa, ila ni upendo unaomtaka mpenzi wake asipone kamwe.

Swanson mwenyewe wala hakuwa Norma, hilo lisemwe. Alikuwa na miaka 50 hivi, umri ule ule wa Norma, lakini alikuwa kahamia New York, anafanya redio na alishakuwa na kipindi chake cha televisheni, anajua dunia imebadilika na hana kinyongo nayo. Paramount ilipomtaka afanye majaribio mbele ya kamera kwanza alikereka, yeye alishawafanyia muvi kibao wanamuomba majaribio ya nini. Kabla yake Wilder alishawafikiria wengine, kina Mae West, Mary Pickford, Pola Negri. Bahati yetu ikawa ni yeye. Anachokifanya humu ni cha hatari sana kwa muigizaji, anacheza kwa mtindo wa muvi za kimya, macho makubwa, kidevu juu, mikono inaongea, wakati wenzake wote wanacheza kwa mtindo wa 1950 wa kuongea haraka na kutulia. Ingeweza kuwa kichekesho. Badala yake unaona mtu anayeishi kwenye muvi tofauti na wengine waliomo chumba kimoja. Halafu ghafla anamfurahisha Joe kwa kumuigiza Charlie Chaplin, kofia, fimbo, masharubu, na anaigiza vizuri kweli, ni mchekeshaji halisi! Dakika mbili hizo unaelewa kwa nini watu walijaa kumuangalia. Joe anachoka tu na kuangalia pembeni.

Kipande cha studio ndo bora kuliko vyote kwangu. Paramount wamekuwa wanampigia simu Norma, anaamini ni DeMille anaitaka Salome, anagoma kupokea mpaka DeMille apige mwenyewe, mwisho anajipamba anaenda na gari lake la zamani, Isotta Fraschini, viti vimevishwa ngozi ya chui, Max anaendesha. (Stroheim hakujua kuendesha gari, ilibidi livutwe.) Getini kijana wa ulinzi hamjui, mlinzi mzee, Jonesy, anamjua, anafungua. DeMille kajicheza mwenyewe, na seti anayofanyia kazi ni ya muvi yake halisi ya Samson and Delilah, na yeye ndiye kweli aliyemuongoza Swanson kwenye muvi kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1910 na mwanzoni mwa 1920. Anamkalisha kwenye kiti chake anamwambia subiri kidogo. Norma amekaa pale, na maikrofoni kwenye fito lake refu inapita juu yake inamgusa unyoya wa kofia. Anaigeukia, anaisukuma kwa mkono. Tangu 1927 sauti ilipoingia kwa nguvu ndo adui yake huyo, sasa amemshika mkononi, na hakuna anayesema neno kuhusu hilo, picha inaendelea. Sekunde chache! Halafu fundi taa mmoja mzee juu kule anamuita kwa jina, anamwambia hebu tukuone, anamgeuzia taa kubwa, na watu wa seti, maekstra wazee, wanaanza kusogea, ooh ni Norma Desmond, nilidhani kafa, wanamzunguka, na yeye uso unafunguka. DeMille anaona, anaamuru taa irudi ilikotoka. Taa inageuka. Watu wanatawanyika.

Kumbe zile simu, wahusika wa vifaa walikuwa wanataka kukodi gari. Gari! Sio yeye. DeMille akijua hilo anafanya nini? Anawaambia waachane na gari, halafu anamsindikiza Norma mpaka mlangoni kwa maneno matamu, kwamba Salome itaangaliwa. Watu wanamsifia DeMille hapo, na kweli ni mpole, kabla ya hapo msaidizi wake alitaka kumfukuza mama kwa kisingizio akamwambia mashabiki milioni 30 wameshamtosa, haitoshi? Lakini ndo huyo huyo aliyemrudisha nyumbani akiwa anaamini muvi inakuja. Baada ya hapo Norma anaanza wiki za mateso ya urembo, mvuke, masaji, mikanda ya kubana ngozi, usingizi wa saa tatu usiku. Wema wa DeMille ulichukua dakika tano za muda wake na ukamgharimu mwenzake akili.

Na wale wazee wanaokuja kucheza karata, Joe anawaita sanamu za nta. Ni Buster Keaton, Anna Q. Nilsson na H. B. Warner, mastaa halisi wa enzi zile, wanajicheza wenyewe. Keaton, mmoja wa wachekeshaji wakubwa kuwahi kutokea, anapewa neno moja la kusema, pasi, analirudia, basi. Uso wake unamaliza. Wanacheza karata huku nje jamaa wa mkopo wanaburuta gari la Joe, Joe anamuomba Norma pesa, na Norma anamwambia asimsumbue sasa.

Upigaji picha ni wa John F. Seitz, ambaye alishafanya muvi ya Double Indemnity na Wilder 1944, na giza la mle ndani unaweza kulishika. Inasemekana alikuwa anarusha vumbi hewani mbele ya kamera kabla ya kushuti ili nyumba ionekane imechakaa kweli. Ile picha ya maiti bwawani inayoonekana kutokea chini, na polisi juu wanachungulia, waliweka kioo chini ya maji wakapiga picha ya kilichoonekana kwenye kioo, ujanja mtupu na bei rahisi. Mwanzoni muvi ilianzia mochwari, maiti zimelala zinapiga stori zimekufaje, wakaijaribu kwa watazamaji huko Evanston, Illinois, watu wakacheka mpaka basi, ikakatwa. Muziki ni wa Franz Waxman, na kuna ule upepo unaopita kwenye kinanda kikubwa cha mabomba sebuleni kinajipumulia chenyewe, wapenda muvi za kutisha watafurahi.

Tuzo? Ilitajwa kwenye vipengele 11 vya Oscar, ikabeba 3, skripti, muziki na upambaji wa seti. Waigizaji wanne wakuu wote walitajwa na wote wakarudi mikono mitupu, muvi bora ikachukuliwa na All About Eve, na muigizaji bora wa kike akawa Judy Holliday. Swanson kukosa ile tuzo mpaka leo naona ni wizi. Hollywood yenyewe ilichukia kujiona, kuna stori inasimuliwa sana kwamba Louis B. Mayer, bosi wa studio ya MGM, baada ya kuoneshwa alimfokea Wilder kwamba kaiaibisha tasnia inayomlisha, na Wilder akamjibu tusi ambalo siliandiki hapa.

Mwisho wake sasa. Joe, baada ya kuanza kuandika kwa siri usiku na Betty, mchumba wa Artie, na wakapendana, anaamua kumkatisha Betty tamaa makusudi, anamuonyesha jumba na bwawa na kila kitu, huyu ndo mimi, nenda kaolewe. Halafu anafunga mabegi. Na hapo kwa mara ya kwanza kwenye muvi nzima mtu anamwambia Norma ukweli. Studio walitaka gari. Barua anaandika Max. Watazamaji walishaondoka miaka ishirini iliyopita. Kuwa na miaka 50 sio msiba, msiba ni kulazimisha kuwa na 25. Maneno ya maana kabisa, yamecheleweshwa kwa miezi sita hivi aliyokula na kuvaa humo, na anayatema akiwa mlangoni anaondoka. Max amesimama pale pale na hata hapo anakataa, mama ndiye staa mkubwa kuliko wote. Norma anasema hakuna anayemuacha staa. Bastola, risasi, bwawa.

Waandishi wa habari wamejaa nyumbani, polisi kila chumba, hata Hedda Hopper, yule mwandishi wa umbea wa mastaa, kajicheza mwenyewe kakamata simu. Norma yuko mbele ya kioo hasikii mtu. Neno moja tu linamuamsha, kamera. Kamera za habari zimefika. Na Max anashuka chini, anasimama katikati ya wapiga picha, anauliza taa ziko tayari, Norma anauliza hii ni sini gani, Max anamjibu hizi ni ngazi za ikulu, na Norma anaitikia kwamba chini wanamsubiri binti mfalme. Max anatoa amri kamera zianze. Mwangalie Stroheim hapo, machozi yako karibu, na mgongo umenyooka kuliko wakati wote. Miaka ishirini bila seti na leo kapewa kamera, taa, umati wa maekstra waliovaa sare za polisi, na steringi wake anashuka ngazi. Kila mtu kapoteza usiku ule, Joe kafa, Betty kalia, Norma anaenda jela au hospitali ya vichaa, na Max peke yake kapata alichokuwa anakitaka. Watu wanaikumbuka ile sini kwa maneno ya Norma kumwambia bwana DeMille kwamba yuko tayari kwa klozapu yake, picha ya uso kwa karibu. DeMille hayupo! Aliyepo ni Max.

Kasoro zipo. Sehemu za Joe na Betty zinalegea, Nancy Olson anajitahidi na ana ile stori nzuri ya jinsi alivyotaka kuwa muigizaji, akarekebishwa pua, pua wakaipenda ila uigizaji wakaukataa, lakini mapenzi yao yameandikwa kwa kalamu nyingine, unakaa unasubiri turudi jumbani. Pia Joe anasimulia mno, kuna vitu tunaviona kwa macho na bado marehemu anatuelezea, punguza kaka. Na kama wewe unahitaji mtu mmoja msafi wa kumshangilia utapata tabu, mi nilibaki na Artie tu, na yeye yuko kwenye sini tatu nne. Nampa Wilder 9 kati ya 10, ile moja nimeikata kwa zile usiku za taipureta za Joe na Betty. Iangalie usiku, simu mbali, na ukimaliza rudia kipande cha maikrofoni na kofia, ni kifupi sana wengi kinawapita.